Maswali Yenu: Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu Katika Shule ya Msingi ya Kikatoliki

Barua za safari hii zimetoka kwa wazazi na walimu wa shule za msingi zinazomilikiwa na majimbo na mashirika ya masista hapa Tanzania. Nimezifupisha na kuondoa majina.

Mwanangu yuko darasa la tatu katika shule ya masista. Akiulizwa kwa mdomo anajibu vizuri, lakini akisoma anaruka maneno na kuchanganya herufi. Nimeambiwa kwamba asipofikisha wastani wa 50 atakariri darasa, au nimtafutie shule nyingine. Nifanye nini? (Mama, Moshi)

Mama, wastani tuuweke kando kwanza, tuanze na macho na masikio yake. Nilipokuwa nikifundisha, nilikuwa na mvulana wa darasa la tatu aliyekaa karibu na mlango, ambaye daftari lake la imla lilijaa mistari mitupu, nami kwa muhula mzima nilimhesabu kuwa mkaidi. Siku moja nilipomwinamia kusahihisha kazi yake, nilisikia harufu ya usaha na kuona kipande cha pamba sikioni mwake. Alikuwa akisikia kwa sikio moja tu, na kila nilipougeukia ubao huku nikisema, sentensi nzima ilimpita. Tulichobadilisha kwanza, hata kabla dawa hazijaanza kufanya kazi, ni mahali pa dawati lake.

Macho na masikio yakipimwa na kuonekana mazima, dalili unazozieleza zinafanana na disleksia, yaani ugumu mahususi wa kusoma ambao si kipimo cha akili ya mtoto. Kuchanganya *b* na *d* ni jambo la kawaida kwa anayeanza kusoma, lakini likiendelea mpaka darasa la tatu kwa mtoto anayejieleza vizuri, linastahili uchunguzi. Ulizia katika ofisi ya elimu ya wilaya yako ni nani anayeshughulikia elimu maalumu. Wakati unasubiri, shule inaweza kumsomea maswali, kuyahesabu majibu yake ya mdomo, kumrudisha kwenye silabi kwa robo saa kila siku akisoma kwa sauti huku akifuata kwa kidole, na kuacha kumsimamisha asome mbele ya wenzake.

Kukariri darasa bila kujua tatizo ni kumrudisha mtoto kwenye ukuta uleule alioshindwa kuupanda. Tena nitasema wazi: shule nyingi zetu hushikilia wastani kwa ajili ya sifa ya matokeo, wala si kwa ajili ya mtoto, na tabia hiyo haijaisha ijapokuwa Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki sawa ya kupokelewa katika shule za umma na za binafsi. Nenda kwa mwalimu mkuu ukiwa na majibu ya vipimo na madaftari ya mtoto, mkae mezani. Barua ya malalamiko iwe hatua ya mwisho.

Nina wanafunzi 48 wa darasa la kwanza, mmoja wao ana usonji (kwa Kiingereza *autism*). Kengele ikigongwa huziba masikio, hupiga kelele na kuingia chini ya meza. Nimtulize vipi? (Mwalimu, Morogoro)

Mwalimu, kelele hizo si utundu. Kwa watoto wengi wenye usonji sauti ya ghafla huumiza, na kinachoumiza zaidi ni kutojua itakuja lini. Mwonyeshe saa ya ukutani au picha ya kengele dakika mbili kabla, umruhusu atoke mapema kidogo kuliko wenzake, na kama kengele ni ile rimu ya gari iliyoning'inizwa dirishani kwenu, omba ihamishiwe upande wa pili wa jengo. Bandika pembeni mwa dawati lake picha nne au tano za mfuatano wa siku: sala, kusoma, uji, kuhesabu, nyumbani. Mpe agizo moja kwa wakati mmoja na kwa maneno machache. Usimshike kidevu ili akutazame, maana anaweza kukusikiliza huku anaangalia sakafu. Fimbo isiguswe kabisa.

Andika pia mpango wake binafsi wa kujifunza, hata kama ni nusu ukurasa. Usiandike "atatulia", kwa kuwa hakuna awezaye kupima hilo. Andika "ifikapo mwisho wa muhula ataonyesha kadi anapohitaji kutoka nje". Mzazi apewe nakala, kwa sababu mara nyingi ndiye anayejua kinachomtuliza mtoto. Kwa watoto 48 huwezi haya yote peke yako, kwa hiyo mwombe mwalimu mkuu ampeleke angalau mwalimu mmoja kusomea elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha.

Binti yangu ana uoni hafifu na anakaribia mitihani ya taifa. Je, ataongezewa muda? (Baba, Songea)

Ndiyo. Mwongozo wa Baraza la Mitihani kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu ni dakika 20 za ziada kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na wenye uoni hafifu hupewa karatasi yenye maandishi yaliyokuzwa. Hakikisha mapema kwamba shule imemsajili ikionyesha hali yake. Pia afanye mazoezi kwa maandishi makubwa tangu sasa, asikutane nayo kwa mara ya kwanza siku ya mtihani.

Binti yangu wa miaka kumi ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili. Katekista amesema hawezi kupokea Komunyo ya Kwanza kwa sababu hajui maswali ya katekisimu kwa moyo. (Mama, Tabora)

Kanuni ya 777 ya Sheria za Kanisa inamtaka paroko ahakikishe kwamba mafundisho yanawafikia pia wenye ulemavu wa mwili au wa akili, kadiri hali yao inavyoruhusu, na kanuni ya 913 inadai mtoto alielewe fumbo la Kristo kwa kadiri ya uwezo wake. Kukariri maswali hakutajwi hapo. Tangu mwaka 1910 Papa Pio wa Kumi alifundisha kwamba mtoto aweze kutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Binti yako anaweza kulionyesha hilo kwa namna anavyonyamaza, anavyopiga goti, anavyoifumba mikono.

Mwombe katekista mwende kanisani siku ya kazi, kanisa likiwa tupu, mtoto afanye mazoezi ya kutembea mpaka altareni na kuonja hostia isiyowekwa wakfu, kwa kuwa wapo watoto wanaoitema kwa kutoizoea ladha yake. Siku yenyewe akae mwisho wa benchi, karibu na mtu anayemwamini. Mkishindwa kuelewana, mwone paroko. Uamuzi huo si wa katekista peke yake.

Bodi yetu imekubali kupokea watoto wenye ulemavu, lakini fedha ni kidogo. Tuanzie wapi? (Mwalimu Mkuu, Sumbawanga)

Sista, Kanisa lilianzisha shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, na wakati huo fedha hazikuwa nyingi kuliko leo. Anza chooni. Mtoto asiyeweza kuingia chooni peke yake hujizuia kunywa maji tangu asubuhi, na kufikia saa sita anaumwa kichwa, hasikii tena somo lolote. Mlango uwe na upana wa kutosha kiti cha magurudumu, pawe na bomba la kushikia ukutani, na ngazi iwekewe mteremko wa saruji usio mkali. Fundi wa parokia anaiweza kazi hiyo. Kabla hajachanganya saruji, mkalishe yeye mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu ajaribu kuingia.