Wifi ya nyumbani inapanda na kushuka kwenye kompyuta ya zamani: maswali na majibu

Maswali yaliyotufikia safari hii yanazunguka jambo moja: simu inaenda vizuri, lakini kompyuta ya zamani iliyo kando yake mara inakimbia, mara inasuasua. Majibu ni kwa wanaotumia Windows 10, isipokuwa pale tulipotaja vingine.

Nimelipia Mbps 40 hapa Tabata. Simu inapata 38, laptop yangu ya mwaka 2012 mara 30, mara 6. Nipandishe kifurushi?

Usipandishe. Simu imeshakujibu: intaneti inafika kwenye ruta ikiwa kamili, na inapotelea kati ya ruta na laptop. Ukinunua Mbps 100 utabaki na 6 ileile.

Kaa mita mbili hadi tatu kutoka kwenye ruta, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika netsh wlan show interfaces, kisha bonyeza Enter. Angalia mistari ya Radio type, Cipher, Channel, Receive rate na Signal. Ukiona 802.11n (kizazi cha zamani cha wifi) na Receive rate ya 72, kadi yako ya wifi inatumia mkondo mmoja kwenye masafa ya GHz 2.4. Hiyo 72 ni kasi ya kiungo, si ya intaneti. Data inayopita kweli ni kama Mbps 40 hadi 50 hewa ikiwa tulivu, kwa hiyo kifurushi chako kinaingia, ila kwa kubanana.

Ukiona imeganda kwenye 54, tazama Cipher, yaani njia ya kuficha data hewani. Ikiwa ni TKIP, njia ya zamani, umepata mwizi wako. Kiwango cha 802.11n hakiruhusu kasi zake kwa TKIP, hivyo kadi inarudi enzi za 802.11g na data halisi haivuki sana Mbps 20 hadi 25. Ingia kwenye ruta, sehemu ya usalama wa wifi, weka WPA2 yenye AES (njia mpya kuliko TKIP) peke yake, halafu unganisha vifaa upya.

Sasa nenda pale unapokaa siku zote, urudie amri ileile mara kadhaa. Signal ya asilimia 80 ni nzuri. Ikishuka chini ya 60 utaiona Receive rate ikitoka 72 kwenda 43, kisha 14, kisha inapanda tena. Hapo tatizo ni umbali au ukuta. Lakini Signal ikibaki 90 na kasi bado inaanguka, shida ni vurugu za mawimbi au kompyuta yenyewe, na kusogeza ruta hakutasaidia kitu.

Laptop ikiwa kwenye chaja wifi ni safi. Nikichomoa tu, video zinaanza kukwama. Kwa nini?

Windows inaibania kadi umeme ili betri idumu. Fungua Control Panel, Power Options, kisha mipangilio ya ndani ya mpango unaoutumia. Tafuta Wireless Adapter Settings na upande wa On battery uchague Maximum Performance. Kisha fungua Device Manager, bofya kadi ya wifi mara mbili, ingia Power Management na uondoe alama kwenye ruhusa ya Windows kuzima kifaa hicho. Betri itapungua haraka kidogo.

Tunaishi ghorofani Nairobi. Asubuhi kasi ni nzuri, lakini kuanzia saa mbili usiku haifai. Ni kampuni ya intaneti au ni wifi?

Usikisie, pima zote mbili kwa pamoja. Andika ipconfig upate namba ya Default Gateway, yaani anwani ya ruta yako, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Fungua madirisha mawili ya Command Prompt. La kwanza andika ping -t na namba hiyo, kupima ruta inajibu kwa muda gani; la pili ping -t 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google huko nje. Yaache yaende dakika kumi katika saa ile mbaya, bila mtu kupakua kitu kizito nyumbani.

Ikiwa ruta inajibu kwa milisekunde 1 hadi 5 bila kuruka, huku nje kukipanda hadi 200 au majibu yakipotea, wifi yako haina kosa. Piga picha madirisha yote mawili uwatumie waliokuuzia huduma, maana ushahidi huo unawazuia kukuambia tu uzime na kuwasha ruta. Lakini ikiwa ruta yenyewe, iliyoko mita nne tu, inajibu kwa milisekunde 3, halafu 280, halafu 40, basi hewa ya jengo imejaa. Majirani wamerudi kazini na kila nyumba ina ruta yake.

Kwenye GHz 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Pakua programu ya simu ya kuonyesha mitandao ya jirani, ipime usiku, uchague kati ya hizo tatu ile yenye mitandao michache au iliyo dhaifu zaidi. Usiweke 3 au 8 kwa kudhani umekimbilia pembeni. Hapo unagombana na pande mbili. Upana wa chaneli uweke MHz 20. Ile 40 inavutia kwenye karatasi, lakini ghorofani inakula karibu nusu ya masafa yote na kuzoa kelele za kila jirani.

Nina laptop ya mtumba kutoka Marekani. Kuna siku haioni kabisa wifi yetu, ila inaona za majirani. Simu zinaiona muda wote.

Marekani ruta za kawaida hutumia chaneli 1 hadi 11, na baadhi ya kadi za huko zimefungwa zisione 12 na 13, ambazo nchi nyingi nyingine zinaruhusu. Ruta yako ikiwa kwenye Auto, siku ikiamua kuhamia 13, kwa laptop hiyo imetoweka. Weka chaneli kwa mkono, 1, 6 au 11, na uondoe Auto.

Ikiwa haionekani tangu siku ulipoleta ruta mpya, sababu ni nyingine. Draiva (programu zinazoendesha kadi) za zamani za baadhi ya kadi za Intel haziioni mitandao ya 802.11ax, yaani Wi-Fi 6. Sasisha draiva kutoka tovuti ya Intel au ya aliyetengeneza laptop. Kama hakuna mpya, zima 802.11ax kwenye GHz 2.4 tu. Hakikisha pia ruta haiko kwenye WPA3 pekee, yaani usalama mpya wa wifi.

Niko karibu kabisa na ruta lakini Signal ni asilimia 40. Fundi aliongeza RAM mwezi uliopita.

Mwambie aifungue tena. Kadi ya wifi ina waya mbili nyembamba za antena, mara nyingi mmoja mweusi na mwingine mweupe au wa kijivu, na vichwa vyake ni vidogo kuliko punje ya mchele. Vinabanwa kwa kushindiliwa juu ya kadi na vinachomoka kirahisi mtu akipitisha mkono. Mmoja ukiachia, laptop bado inaunganika, ndiyo maana fundi haoni kosa. Zima mashine, toa chaja na betri kwanza. Kichwa kilinganishwe wima na kitako chake, kisha kisukumwe kwa kidole hadi kisikike kikiingia. Kikikaa upande kitapinda, na kuupata waya mwingine si rahisi.

Nataka kuweka kadi ya ndani yenye GHz 5. Inawezekana?

Mara nyingi ndiyo, ila kuna mtego. Laptop nyingi za biashara za miaka hiyo zina orodha ya kadi zinazoruhusiwa ndani ya BIOS, programu inayoiwasha mashine kabla ya Windows. ThinkPad X230 ukiiwekea kadi isiyo kwenye orodha inagoma kuwaka na kuandika 1802. HP EliteBook za wakati huo zina kizuizi kama hicho. Kwa mashine za namna hiyo tunashauri adapta ya USB ya AC600 yenye masafa mawili. Hufika Mbps 433 za kiungo kwenye GHz 5, na hata tundu la USB 2.0 linaibeba vizuri. Kwa kifurushi cha Mbps 40 hiyo inatosha na kubaki.

Nimenunua adapta ya USB, lakini nikichomeka diski ya nje kasi inakufa.

USB 3.0 ikifanya kazi hutoa kelele zinazoangukia kwenye masafa ya GHz 2.4, na adapta ndogo iliyo jirani na diski inazimeza zote. Tumia waya wa kurefusha USB, kama mita moja, uitoe adapta mbali na diski, au uhamie GHz 5. Waya wa diski usio na kinga nzuri huongeza tatizo, kwa hiyo jaribu na mwingine.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, Zanzibar. Kuta ni nene, chumbani wifi haishiki. Ninunue kirudishi mawimbi?

Ukuta wa mawe na chokaa wa nusu mita hautobolewi kwa kuongeza antena. Mawimbi yanapita mlangoni, dirishani na kwenye ngazi, kwa hiyo anza kwa kuiweka ruta inapoonana na mlango wa chumba. Kirudishi kinachopokea na kutuma kwa masafa yaleyale hukata kasi karibu nusu, na wengi hukiweka chumbani, pale ambapo hakuna cha kurudisha. Kikibidi, kiweke mahali Signal bado ni 60 au zaidi. Ila fedha yako itafanya kazi zaidi ukivuta waya wa mtandao wa Cat5e hadi chumbani na kufunga ruta ya pili kama kituo cha wifi. Zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani kwa vifaa), na chaneli yake iwe tofauti na ya kwanza.

Windows 10 ilipoacha kuhudumiwa Oktoba 2025 niliweka Linux Mint. Wifi inalala kila baada ya muda.

Fungua kwa sudo (ruhusa ya msimamizi) faili /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf, ubadilishe wifi.powersave kutoka 3 kuwa 2, hifadhi, kisha andika kwenye Terminal sudo systemctl restart NetworkManager.

Ruta yenyewe inajizima na kuwaka tukiwa wengi. Chaja yake ya kwanza iliungua, tukanunua nyingine.

Geuza ruta usome chini yake. Ikiandika 12V 1A, chaja lazima iwe ya volti 12 kamili na ampea 1 au zaidi. Yenye ampea 0.5 inaiwasha vizuri asubuhi, lakini vifaa vikiongezeka inashindwa na ruta inaanza upya. Ampea zikizidi hakuna ubaya. Volti zikizidi, unaweza kuiunguza.