Kifuko cha nyongo kimeondolewa, mbona maumivu bado yapo?

Swali: Daktari, nina umri wa miaka 43. Miezi mitatu iliyopita niliondolewa kifuko cha nyongo kwa upasuaji wa matundu madogo, baada ya kusumbuliwa na mawe kwa muda mrefu. Siku za mwanzo bega la kulia liliniuma kuliko hata tumbo, kisha likapoa. Sasa nina maumivu ya namna mbili. Ya kwanza ni mchomo karibu na kovu lililo chini ya mbavu za kulia, hasa ninapoinuka kitandani au ninapojigeuza. Ya pili huja mara chache, juu ya tumbo, mara nyingi baada ya kula. Huchukua kama saa nzima na kufika hadi mgongoni. Asubuhi nyingi naharisha. Nilifanyiwa ultrasaundi nikaambiwa hakuna kitu. Je, mawe yanaweza kurudi hali kifuko hakipo? Upasuaji ulikosewa? Na nitapona lini?

Jibu: Ndugu msomaji, pole sana, na ahsante kwa kueleza kwa makini kiasi hiki. Mgonjwa akisema tu kwamba tumbo bado linauma, daktari hana pa kuanzia. Lakini anayetaja mahali, wakati, muda na kinachochochea maumivu huwa amekwisha kutoa sehemu kubwa ya jibu. Kwa jinsi ulivyoeleza, naona maumivu yako mawili hayana chanzo kimoja, na yakichanganywa utazungushwa kwenye vipimo vingi bila kupata nafuu. Basi niyachukue moja moja.

La bega nilimalize haraka, kwa kuwa limekwisha. Katika upasuaji wa matundu madogo tumbo hujazwa hewa ya kabonidioksidi ili daktari apate nafasi ya kuona na kufanya kazi. Kiwambo, yaani ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, husumbuliwa na kule kutanuliwa na hewa inayobaki. Kwa kuwa mishipa ya fahamu inayohudumia kiwambo huanzia shingoni, pamoja na ile inayopokea hisia za ngozi ya bega, ubongo huyahisi maumivu hayo kana kwamba yako begani. Kwa kawaida huisha ndani ya siku chache, kama yalivyokwisha kwako.

Mchomo wa karibu na kovu, unaokuja unapoinuka au kujigeuza, una dalili zote za maumivu ya ukuta wa tumbo. Kila tundu la upasuaji hupita kwenye ngozi, mafuta, misuli na utando wake, na humo hupita mishipa midogo ya fahamu inayoweza kukatwa, kubanwa au kunaswa ndani ya kovu. Kuna njia ya kuchunguza jambo hili ambayo madaktari wameitumia kwa miaka mingi na haihitaji mashine yoyote. Lala chali, utafute kwa ncha ya kidole mahali panapouma kuliko pengine, ubonyeze na uache kidole palepale, halafu uinue kichwa na mabega bila kujisaidia kwa mikono. Misuli ya tumbo ikikazana hivyo huvikinga viungo vya ndani dhidi ya kidole chako. Kwa hiyo maumivu yanayotoka ndani huelekea kupungua, lakini yale ya ukuta hubaki vilevile au huzidi. Mwombe daktari alifanye jaribio hili yeye mwenyewe, kwani lazima pia akague kama kuna ngiri. Ngiri ya tundu la upasuaji hutokea zaidi kitovuni, ambako kwa kawaida tundu huwa pana, na huonekana kama uvimbe unaojitokeza ukikohoa au ukisimama.

Ikithibitika kuwa ni mshipa wa fahamu ulionaswa, daktari anaweza kudunga dawa ya ganzi palepale panapouma. Sindano hiyo ni tiba na ni kipimo kwa wakati mmoja, kwa maana mchomo ukitoweka kwa saa chache baada ya ganzi, mjadala wa chanzo chake unakuwa umekwisha. Wengine hupona kabisa kwa sindano moja au mbili. Wengine huhitaji dawa za kutuliza mishipa ya fahamu kwa miezi kadhaa.

Maumivu ya pili ndiyo ninayotaka uyafuatilie bila kuchelewa. Maumivu yanayotoka kwenye mirija ya nyongo yana tabia zake: hukaa juu ya tumbo, katikati au upande wa kulia, hupanda mpaka yakafikia kiwango fulani na kukaa hapo, hudumu nusu saa au zaidi, hayaji kila siku, huweza kwenda mgongoni au chini ya bega la kulia, wakati mwingine humwamsha mtu usingizini, na hayapungui kwa kujisaidia haja kubwa, kubadili mkao wala kunywa dawa ya kupunguza asidi. Maelezo yako yanafanana na picha hii kwa kiasi kikubwa.

Hapa ndipo swali lako la mawe linapopata jibu. Ndiyo, mawe yanaweza kuwepo ingawa kifuko hakipo. Kifuko kilikuwa ghala tu. Nyongo yenyewe hutengenezwa na ini, kati ya mililita 500 na 1,000 kwa siku, na inaendelea kuteremka kupitia mrija mkuu hadi kwenye utumbo mdogo. Jiwe dogo linaweza kuwa liliteleza na kuingia kwenye mrija huo kabla ya upasuaji au wakati wa upasuaji, likakaa kimya kwa miezi au hata miaka. Mara chache jiwe hubaki kwenye kipande cha shingo ya kifuko kilichoachwa, au jipya hujiunda ndani ya mrija wenyewe.

Lakini ultrasaundi ilisema hakuna kitu, utaniambia. Kipimo hicho ni kizuri sana kwa kuona mawe yaliyo ndani ya kifuko, ila ni dhaifu kwa sehemu ya chini ya mrija mkuu, kwa sababu sehemu hiyo hupita nyuma ya utumbo, na hewa iliyo utumboni huzuia mawimbi ya sauti yasipite. Aidha, mrija uliotanuka kidogo baada ya kifuko kuondolewa si lazima uwe na ugonjwa. Kwa aliyekwisha kufanyiwa upasuaji huu unaweza kufikia hata milimita 10 bila kasoro yoyote. Kwa hiyo majibu ya ultrasaundi yakiwa safi, na maumivu ni ya namna ninayoieleza, uchunguzi haujakamilika.

Kipimo ninachokisisitiza kwa watu wenye hali yako ni cha kawaida kabisa, na siri yake iko kwenye wakati. Damu ichukuliwe ndani ya saa chache baada ya maumivu kukushika, ipimwe bilirubini, yaani rangi ya manjano iliyo kwenye nyongo, vimeng'enya vya ini na kimeng'enya cha kongosho kiitwacho laipesi. Jiwe linapoziba mrija kwa muda kisha likaachia, vimeng'enya hupanda halafu hushuka ndani ya siku chache. Anayepimwa wiki mbili baadaye, siku ambayo yuko mzima, huambiwa yuko salama na kurudi nyumbani na jiwe lake. Zungumza na daktari wako mapema ili uwe na karatasi ya kipimo mkononi kabla maumivu hayajaja tena. Vimeng'enya vikionekana vimepanda, hatua inayofuata ni MRI ya mirija ya nyongo, yaani picha zinazopigwa kwa mashine ya sumaku, au ultrasaundi inayofanywa kwa kamera iliyoshushwa hadi kwenye utumbo mdogo. Vyote viwili huona mawe ya mrija vizuri kuliko ultrasaundi ya juu ya tumbo.

Jiwe likipatikana, huondolewa kwa kamera inayopitishwa mdomoni hadi kwenye mlango wa mrija, bila kupasuliwa tena. Njia hiyo ina hatari yake, ambayo kubwa ni kuvimba kwa kongosho, na kwa sababu hiyo haifai kutumiwa kama kipimo cha kubahatisha. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu wapo wagonjwa wanaoambiwa kwamba tatizo ni msuli wa duara unaofunga na kufungua mlango wa mrija, na kwamba ukatwe. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 214 waliokuwa na maumivu baada ya kuondolewa kifuko, bila mrija kutanuka wala vipimo vya damu kuharibika kwa kiasi cha kutia shaka, na waliokatwa msuli huo hawakupata nafuu kuliko wale ambao hawakukatwa. Kama vipimo vyako vyote ni vizuri na mtu anakushauri jambo hilo, tafuta kwanza maoni ya daktari wa pili.

Niulize pia kuhusu dawa unazotumia. Kodeini, ambayo imo katika vidonge vingi vya maumivu, pamoja na mofini, hukaza msuli huohuo. Kwa baadhi ya watu wasio na kifuko, kidonge kimoja cha kodeini kinaweza kuleta maumivu makali ya juu ya tumbo muda mfupi baada ya kukimeza, hata yakafanana na mshtuko wa moyo. Ukiona maumivu yanafuata kidonge, mweleze daktari. Kwa sasa parasetamoli ndiyo salama zaidi, isizidi gramu 4 kwa saa 24 kwa mtu mzima mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi na asiye na ugonjwa wa ini. Ibuprofeni na jamii yake uziache mpaka vidonda vya tumbo viondolewe kwenye orodha ya vinavyoshukiwa.

Vidonda hivyo si jambo la kupuuzwa. Mawe ya nyongo ni ya kawaida mno, na wengi huishi nayo bila kujua, kwa hiyo inatokea mtu akawa na mawe na wakati huohuo akawa na kidonda, kiungulia cha asidi kupanda au utumbo wenye hisia kali, kisha lawama zote zikaelekezwa kwa mawe. Jiulize swali hili na ujibu kwa uaminifu: je, maumivu haya ya pili ni yaleyale uliyokuwa nayo kabla ya upasuaji, yasiyobadilika kwa lolote? Kama ndiyo, na damu ikawa safi, kamera ya tumbo itakuwa na faida zaidi kwako kuliko kipimo kingine cha mirija. Na kama huja unapopanda ngazi au kutembea haraka, moyo upimwe kwanza.

Kuharisha asubuhi kunaeleweka. Bila ghala, nyongo hudondoka utumboni mchana na usiku, na asidi zake zinapozidi na kufika kwenye utumbo mpana hulainisha choo na kukiharakisha. Kwa wengi hali hii hutulia yenyewe baada ya wiki au miezi. Isipotulia, ipo dawa ya unga iitwayo kolestiramini, inayonasa asidi hizo. Kwa kuwa hunasa na dawa nyingine, hizo nyingine zimezwe saa moja kabla yake au saa nne hadi sita baadaye. Kuhusu chakula, hakuna kilichoharamishwa maisha yote. Kula kidogo kidogo, mafuta uyarudishe polepole, na uandike kinachokusumbua badala ya kujinyima kila kitu kwa hofu.

Je, upasuaji ulikosewa? Sina sababu ya kusema hivyo. Jeraha kubwa la mrija wa nyongo hutokea kwa chini ya mtu mmoja kati ya 100, na mara nyingi hujionyesha katika siku au wiki za mwanzo kwa homa, tumbo kujaa, maumivu yanayozidi kila siku au macho kugeuka manjano. Mrija uliosinyaa kwa sababu ya kovu unaweza kuchelewa kujulikana, lakini nao huonekana kwenye vipimo vya damu nilivyovitaja.

Kuhusu kupona, aliyefanyiwa upasuaji wa matundu madogo hurudi kwenye shughuli nyepesi baada ya wiki moja au mbili na kuanza kunyanyua vitu vizito baada ya wiki nne hadi sita. Aliyepasuliwa tumbo wazi huhitaji wiki sita hadi nane. Kwa hiyo miezi mitatu ni muda wa kutosha, na sikushauri uendelee kusubiri. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, ukipata homa yenye kutetemeka, macho au ngozi kuwa ya manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai, choo kupauka, kutapika kusikokoma, au maumivu yasiyopungua baada ya saa kadhaa.

Utakaporudi kwa daktari aliyekupasua, omba nakala ya taarifa ya upasuaji na majibu ya maabara ya kifuko kilichotolewa. Angalia kama mawe yalikutwa na yalikuwa na ukubwa gani, kwani madogo ndiyo huteleza kirahisi kuingia mrijani, na kama mrija mkuu ulipigwa picha wakati wa upasuaji. Ukikuta mawe yalikuwa madogo na picha haikupigwa, mwonyeshe sentensi hizo mbili, umwombe vipimo vya damu vya wakati wa maumivu, na MRI ya mirija hata kama maumivu yamechelewa kurudi.