Ukiruhusiwa hospitali, dawa zote za nyumbani zipeleke kwa mfamasia

Mwaka jana mama yangu alilazwa siku 6, homa ya mapafu na presha iko juu. Siku ya kuruhusiwa si mnajua inavyokuwa, huku bili, huku bajaji inasubiri nje, nesi anakupa dawa kwenye vipakti vya nailoni vimeandikwa 1x1, 1x3 (yaani kidonge kimoja kutwa mara moja, kimoja kutwa mara tatu), anaeleza harakaharaka na mgonjwa mwingine anamuita, na wewe unaitikia tu ndio ndio sababu akili yote iko kwenye kumfikisha mgonjwa nyumbani. Tukafika hapa Magomeni, Mtwara mjini, tukamshukuru Mungu.

Siku ya tano miguu ikavimba. Alfajiri kaamka kwenda kuswali akayumba, akashika ukuta. Jirani akaniambia hayo maji yamejaa, kuna vidonge vya kukojoa, nikaenda famasi kuvinunua.

Mfamasia ni kijana mdogo tu ila hakuniuzia. Akaniuliza mgonjwa katoka lini hospitali, anatumia nini, nikamtajia mbili tatu nilizokumbuka. Akasema, "Dada, kaniletee zote, za hospitali na zile zilizokuwepo nyumbani kabla hajalazwa. Na bibi kama anaweza kuja, njoo naye."

Nikarudi na mama na mfuko wa dawa. "Shikamoo bibi," akamkalisha, akampima presha, 94 kwa 56, imeshuka. Af akazipanga dawa kwenye kaunta mojamoja. Akachukua kipakti cha hospitali, amlodipini 10, dawa ya presha ya miligramu 10. Akachukua boksi ambalo kaka alituma kutoka Dar miezi mingi nyuma, juu lina jina kubwa lingine kabisa, akaweka kidole chini kwenye maandishi madogo: amlodipini 10. Dawa ileile. Mama akasema, "Hapana mwanangu, hii ya hospitali, hii ya mtoto wangu wa Dar." Yaani siku zote hizo alikuwa anameza miligramu 20 kwa siku wakati mwisho wake ni 10! Na kuvimba miguu ni jambo linalojulikana kwa dawa hiyo, hasa dozi ikiwa kubwa. Ile ya kukojoa ningempa ingezidi kumshusha presha. Kijana akapiga namba iliyokuwa kwenye fomu ya ruhusa, akaongea na daktari, tukaambiwa twende siku ileile akaangaliwe.

Na hospitali walimuuliza vizuri tu anatumia dawa gani, akawajibu "vile vyeupe vya presha". Wangejuaje?

Kwaiyo usimtajie mfamasia kwa kichwa, beba. Vidonge, za maji, mitishamba, za kuchua, na ile karatasi ya ruhusa, hata kama hununui kitu. Nenda siku ileile au kesho yake, usisubiri miguu ivimbe kama mimi. Muulize kila moja ni ya nini, ipi imeachishwa, ipi mpya, inaisha lini. Na uulize kama mfamasia mwenyewe yupo, muda mwingine unamkuta anayeuza tu.

Kingine ambacho sikuwahi kukifikiria ni hili neno kutwa mara tatu. Antibayotiki ya mama ilikuwa hivyo, na yeye kwake kutwa ni mchana, jua likizama kutwa imeisha, kwaiyo alikuwa anameza saa 12 asubuhi, saa 6 na saa 11 jioni, af usiku mzima hakuna dawa mwilini. Mfamasia akamuandikia kwa kalamu nene: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Mwambieni aandike masaa. Huku kwetu msimu wa korosho watu wazima wote wako shamba, anayempa bibi dawa ni mjukuu wa darasa la 5, na yeye 1x3 ataisomaje? Na kama Ramadhani imekaribia semeni mapema, awapangie na daktari, msihamishe masaa wenyewe.

Kule Uingereza tangu Februari 2021 hospitali inaweza kutuma taarifa za mgonjwa aliyetoka moja kwa moja kwenye famasi ya mtaani kwake, mfamasia anazilinganisha na za zamani. Hapa kwetu anayepeleka hizo taarifa ni wewe na mfuko wako.

Kwenye mfuko wetu kulikuwa na diklofenaki pia, dawa ya maumivu, mama anameza kwa ajili ya magoti. Hiyo ndo ilileta maneno, maana inamsaidia kweli. Kijana akamueleza taratibu kwamba dawa za namna hiyo zinapandisha presha na zinaumiza figo, akampa parasetamoli na kumwambia amuoneshe daktari hayo magoti. Mama hakufurahi. Ila juzi nimemkuta kwa jirani, kashika boksi la mwenzie, anamuonesha yale maandishi madogo ya chini.