Kabla hujatia saini: kwa vijana wa Zanzibar wanaoingia kazi za mafuta

Karatasi inayowaumiza vijana wetu kwa mara ya pili baada ya ajali huwa ya ukurasa mmoja tu. Msimamizi huileta wodini pamoja na bahasha, mgonjwa bado ana dripu mkononi. Imeandikwa kwa Kiingereza, na maana yake ni kwamba aliyetia saini amelipwa chote anachostahiki na hana dai jengine.

Nilikaa ubavuni mwa kijana mmoja aliyerukiwa na petroli mapajani, kiungo cha mpira wa kupitishia mafuta kilipofyatuka wakati wa kushusha boza. Moto haukuwaka, lakini overoli ilirowa na akachelewa kuivua, ngozi ikababuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Alitia saini akiwa bado kitandani, kwa sababu nyumbani hapakuwa na pesa ya chakula. Baadaye goti likakataa kukunja. Alipokwenda kudai, kampuni ikamwonyesha sahihi yake. Ile kwangu ni dhuluma, na ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Pesa ya matibabu pokea, na uandike kuwa umepokea kiasi kadhaa kwa ajili ya matibabu, basi. Karatasi ya kufunga madai ingoje mpaka daktari atoe tathmini ya ulemavu wa kudumu, na tathmini hiyo haiwezekani kidonda kikiwa kibichi. Ukiambiwa lazima leo, omba nakala, umpe mtu anayejua sheria aisome.

Halafu kuna maneno ya mwanzo unayomwambia daktari. Sema umeumia kazini, wapi, saa ngapi, ukifanya kazi gani, na uhakikishe yameandikwa. Nimeona jalada lenye neno "ameanguka" peke yake. Kwa jalada lile, aliyeteleza juu ya tangi na aliyeteleza bafuni kwake ni sawasawa. Mwajiri naye mpe taarifa ya maandishi siku hiyo hiyo. Hata ujumbe wa WhatsApp kwa msimamizi unafaa kuanzia, maana una tarehe na saa. Mwenzako akipata nafasi apige picha ule mpira na ile valvu kabla hazijaondolewa.

Sasa sheria. Kazi si jambo la Muungano, kwa hiyo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Bara haukuhusu ukiajiriwa na kuumia Mangapwani, Unguja, au Wesha, Pemba. Zanzibar ina Sheria yake ya Fidia kwa Wafanyakazi, ina Sheria ya Ajira Nam. 11 ya 2005, na ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini Nam. 8 ya mwaka huo huo. Mlango wa kuanzia ni Kamisheni ya Kazi. Fidia ya namna hii haikutaki uthibitishe kosa la mwajiri. La msingi ni kuwa umeumia kazini na kwa sababu ya kazi. Dai la uzembe ni njia nyengine, linakwenda mahakamani na linataka ushahidi mzito zaidi.

Wengi wenu mnatazama video za mawakili wa Texas na kudhani mambo ni yale yale. Sheria zile ni za kwao. Huko hata mwajiri binafsi anaruhusiwa kutojiunga na bima ya fidia. Lakini kuna tukio la huko ambalo nawaomba mlijue. Tarehe 23 Machi 2005 kiwanda cha kusafishia mafuta cha BP, Texas City, kililipuka na kuua watu 15. Wote walikuwa wafanyakazi wa makandarasi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mwajiriwa wa BP. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kazi uliza: jina la nani liko kwenye mkataba wangu, nani ananilipa, na eneo hili ni la nani? Mkandarasi aliyekuajiri ndiye unayemdai fidia, na mwenye eneo huenda akadaiwa kwa uzembe. Kibarua asiye na karatasi atunze risiti za malipo na picha yake akiwa kazini.

Kwa mabaharia wa meli za mafuta hali ni bora kidogo. Tanzania iliridhia mwaka 2019 Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa 2006. Nchi ikiweka ukomo wa wajibu wa mwenye meli kwa matibabu na mshahara, ukomo huo haupungui wiki 16. Mkataba unakataza kumshinikiza baharia apokee pungufu ya anachostahiki, na ulemavu ukiwa bado haujulikani, alipwe malipo ya muda. Cheti cha dhamana ya malipo hayo kinabandikwa ndani ya meli. Kipige picha siku unayopanda.

Wanaokwenda Imarati wajue kwamba mwajiri anabeba matibabu, na wakati wa matibabu mshahara hulipwa kamili hadi miezi 6, kisha nusu hadi miezi 6 mingine. Lakini ukivunja kwa makusudi maelekezo ya usalama yaliyobandikwa, fidia unaweza kuikosa. Ukirudi nyumbani dai halijamalizika, muachie mtu unayemuamini uwakala wa maandishi.

Asiye na pesa ya wakili aende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, au amtafute msaidizi wa sheria wa karibu yake, Unguja na Pemba wapo. Achukue mkataba, karatasi za spitali na ile karatasi aliyoletewa, hata kama ameshaitia saini.