Kabla ya Kumkabidhi Mteja Pakiti ya Vidonge

Ninyi mnaoanza kazi katika chumba cha uzazi wa mpango mtagundua upesi kwamba mteja hapendi kusubiri mashine ya presha, hasa siku ya soko, na kwamba pakiti ya vidonge inaweza kutolewa kwa dakika mbili. Msiitoe kwa dakika mbili.

Vidonge vyenye homoni mbili, yaani estrojeni na projestini, huongeza uwezekano wa damu kuganda mishipani, na donge likiziba mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, mteja hupata kiharusi. Kwa mwanamke kijana mwenye afya njema hatari hiyo ni ndogo mno, na ujauzito wenyewe hugandisha damu kuliko vidonge, kwa hiyo msiwatishe watu wakaacha njia moja bila kupata nyingine. Wanaohitaji tahadhari ni wachache, na kazi yetu ni kuwatambua. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mwenye presha ya 160/100 au zaidi hapewi kabisa vidonge vya homoni mbili, na aliyefikia 140/90 kwa kawaida hutafutiwa njia nyingine. Hapewi pia aliyewahi kupata kiharusi, wala mwenye miaka 35 au zaidi anayevuta sigara 15 au zaidi kwa siku, wala mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni. Hili la mwisho husahaulika sana. Ukimuuliza mteja kama huumwa kichwa atakubali, maana nani haumwi kichwa msimu wa palizi? Muulize kama kabla ya maumivu huona mwanga unaometameta au mistari kama meno ya msumeno. Wengi wa hao hufaa kwa vidonge vya projestini pekee au kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono.

Kisha andikeni. Katika kituo nilichoanzia, mama mmoja alipooza upande wa kulia miezi michache baada ya kuanza vidonge. Presha yake ilipimwa, nami nilikuwemo chumbani, lakini kadi haikuwa na tarakimu hata moja, na ndugu zake walipokuja na wakili hatukuwa na la kuonyesha.

Huko Marekani maelfu ya wanawake waliishtaki kampuni ya Bayer kuhusu vidonge vya Yaz na Yasmin, na malipo ya kumaliza madai ya damu kuganda yalipita dola bilioni 1. Ubishi mkubwa ulikuwa kama watumiaji walionywa vya kutosha. Hapa Uganda anayeulizwa kwanza ni aliyetoa dawa na mwajiri wake. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliiamuru wilaya ya Nakaseke kulipa shilingi milioni 35 kwa familia ya mama aliyefariki kwa uchungu uliokwama huku daktari wa zamu hayupo. Kesi hiyo haikuhusu vidonge, ila ilionyesha kwamba wilaya hubeba uzembe wa mtumishi wake. Dai dhidi ya serikali hufunguliwa ndani ya miaka 2, na dhidi ya kituo binafsi ndani ya miaka 3, muda unaotosha kabisa kwa mhudumu kusahau alichouliza.

Mteja akirudi mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, kisha mjaze fomu ya madhara ya dawa ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Pakiti aliyokuwa akitumia msiitupe, kwa sababu fomu huuliza namba ya toleo.