Fangasi Hujifichaje Mwilini? Majibu kwa Wasomaji

Kinga ya mwili huwatambuaje fangasi, na wao huponyokaje?

Huwatambua kwa ukuta. Seli ya fangasi imezungukwa na ukuta wenye sukari iitwayo beta-glukani, ambayo mwili wa binadamu hauitengenezi kamwe. Chembe nyeupe za damu zikiigusa tu, zinajua mgeni ameingia. Kwa hiyo fangasi huificha. Candida albicans huifunika kwa tabaka la sukari nyingine, manani. Mbegu za Aspergillus fumigatus, ambazo sote huzivuta kwa pumzi kila siku, zimevikwa koti la protini ambalo kinga hulipita bila kushtuka. Mbegu ikianza kuchipua, koti hutoka, kinga huitambua, na kwa mtu mwenye afya njema mbegu huishia hapo.

Ni kweli wapo wanaoishi ndani ya chembe nyeupe zenyewe?

Wapo, na anayenitia hofu zaidi ni Cryptococcus neoformans. Kwanza ana ganda nene la utelezi linalofanya awe mgumu kumezwa. Baadhi hunenepa wakiwa mapafuni hadi kuishinda kwa ukubwa chembe inayowawinda. Na akimezwa je? Makrofaji, zile chembe walaji, humfungia katika kifuko chenye asidi na kemikali kali. Asidi haimsumbui, anazaliana humo humo. Melanini, rangi yake nyeusi, humkinga na kemikali. Anaweza hata kutoka na kuiacha makrofaji ikiwa hai, au kusafiri ndani yake mpaka ubongoni, kama mwizi aliyejificha kwenye gari la polisi.

Hapo ndipo huzuka homa ya uti wa mgongo, inayoua hasa watu wenye VVU ambao CD4 zao, yaani chembe za kinga zinazoshambuliwa na VVU, zimeshuka mno. Nawasihi: mwenye VVU anayeumwa kichwa siku kadhaa mfululizo asingoje. Kipo kipimo cha damu kinachoweza kumnasa fangasi huyu hata kabla ya dalili.

Kuna chanjo?

Bado haijaidhinishwa hata moja kwa binadamu. Ugumu mmojawapo ni kwamba wanaoihitaji zaidi ni wale ambao kinga yao imedhoofu, na chanjo huitegemea kinga hiyo hiyo.

Basi dawa hufanyaje kazi?

Baadhi, kama kaspofunjini, huzuia utengenezaji wa ile beta-glukani, ukuta ukadhoofika. Cryptococcus hazimwezi, yeye hutibiwa kwa amfoterisini B, flusitosini na flukonazo.