Ukiona huumii tena, usijisifu

Juzi dada mmoja anayesomea saikolojia aliniandikia: "Nami nataka kufanya kazi na washtakiwa na wafungwa kama wewe. Nifanyeje niwe na roho ngumu?" Alinitonesha kidonda.

Roho ngumu nilikuwa nayo. Miaka 4 nilipima akili za washukiwa wa mauaji kabla hawajajibu mashtaka, wala sikutoa chozi. Nilikuwa nafungua faili la mtoto aliyenajisiwa huku nala mahamri na mbaazi, na nikiona ndio ustadi.

Jioni moja kwenye feri ya Likoni, binti yangu wa miaka 6 akaniambia mwalimu kamchapa. Nikamuuliza: saa ngapi? Nani alikuwepo? Kwa mkono upi? Akanitazama, akautoa mkono wake mkononi mwangu taratibu, akautia mfukoni mwa sare. Hakunijibu mpaka tukashuka.

Nilipomweleza mkuu wangu alisema, "Kazi hii haitaki watu wa kudeka." Neno hilo lanichoma mpaka leo.

Anna Freud, mtaalamu wa tiba ya nafsi, aliandika mwaka 1936 kuhusu njia ambazo nafsi hujikinga. Mojawapo ni kutenga hisia, ukabaki na tarehe na vipimo tu. Bila kinga hiyo singeweza kutoa ushahidi mahakamani. Lakini mimi nilirudi nayo nyumbani. Na wanasaikolojia McCann na Pearlman, mwaka 1990, walieleza jinsi masaibu ya watu unaowasikiliza yanavyobadilisha imani yako kwa binadamu. Nilimkataza binti yangu kulala kwa nyanyake kwa sababu wajomba wako pale. Ndugu zangu mwenyewe! Nikaita hayo malezi.

Basi dadangu, kinga usiivunje, kesho asubuhi utaihitaji. Tafuta mtu mzoefu wa kazi hii asiye mkuu wako, umweleze kesi na pia ilivyokugusa. Usikubali kesi za watoto 3 mfululizo. Mimi niliomba nikakataliwa mara 2, nikaomba tena. Na narudia: tafuta mtu wa kuzungumza naye, usingoje usingizi ukukimbie. Nanyi wakuu wa idara, muogopeni Mungu. Mfungwa anasikilizwa saa 2 nzima; anayemsikiliza hata dakika 10 hamumpi?

Binti yangu sasa ana miaka 9. Jana kwenye feri aliniambia kapoteza kalamu yake. Nikamvuta kwangu, nikanyamaza.